Samaki Aitwaye Basi

Mniwie radhi kwa mwandiko huu. Kalamu naibana kana kwamba itanikimbia, na herufi r na l hunichanganya mpaka leo, kama wale mapacha wa jirani ambao hata mama yao huwaita wote kwa jina moja. Nilimaliza darasa la saba, basi. Naandika polepole, mstari mmoja na sufuria ya maharage huiva pamoja. Atakayenisahihishia kabla hamjasoma, namshukuru mapema.

Wala siombi radhi kwa ajili ya adabu tu. Neno langu moja nililoliandika kwenye simu lilimkalisha kaka yangu stendi ya Mikumi kutoka asubuhi mpaka jua likapoa, akimngoja baba yetu ambaye hakuwa safarini. Kwa hiyo nikisema maneno yangu yana hatari, nina ushahidi.

Tunakaa Kilosa, karibu na mto Mkondoa, mimi na Baba. Babu alikuja huku kukata mkonge, mkonge ukaisha, yeye akabaki. Baba amelima kama watu wote, lakini ukimuuliza yeye ni nani, atakwambia ni mvuvi. Mto ukipungua wakati wa kiangazi, yakabaki madimbwi marefu chini ya mizizi na matete, yeye hujua kambale amelala upande gani kama mtu anavyojua kitanda chake. Mama alishatangulia. Kaka anafanya usafi wa vyumba kwenye hoteli moja ya wageni kule Mikumi, ana mke na watoto.

Kisha kiharusi kikampiga Baba upande wa kulia. Mguu ulirudi, ingawa unaburuta. Mkono haukurudi. Unaning'inia pale kama koti aliloombwa amshikie mtu, na mwenye koti haonekani.

Tangu hapo nimekuwa nachoka. Sio uchovu wa kulia au wa kulalamika. Ni ule wa kuingia jikoni ukasimama, ukasahau ulichofuata. Kumwosha Baba, uji, maji, bustani ya mchicha na nyanya, halafu mashuka. Nadarizi mashuka ya maharusi, maua pembeni na njiwa wawili katikati. Nimedarizi njiwa wengi sana. Wakati mwingine nikifumba macho nawaona bado wanatazamana.

Baba hakuacha kwenda mtoni. Namchomekea nyungunyungu kwenye ndoano, anatupa kwa mkono wa kushoto, anakaa. Shida haikuwa kutupa. Shida ilikuwa mizizi. Ndoano ya kwetu ina ncha wazi, na dimbwi lake zuri kuliko yote limejaa mizizi na matete. Inanasa karibu kila siku. Mtu mwingine angekata mshipi aende zake. Baba hawezi. Alilelewa hivyo: ndoano haiachwi mtoni. Watoto wanaoga humo, ng'ombe wanakunywa humo. "Ndoano uliyoiacha majini," husema, "itamngoja mtu, na hujui ni wa nani." Kwa hiyo ikinasa, anavua viatu anaingia kuifuata.

Alipokuwa mzima hilo lilikuwa jambo dogo. Siku moja baada ya ugonjwa aliingia, mguu ukakataa, akazama. Kijana wa Kimaasai aliyekuwa ananywesha ng'ombe ng'ambo ndiye aliyemvuta kwa shuka lake. Alimleta nyumbani amelowa, ndoano ameifumbata mkononi.

Kaka alikuja Jumapili iliyofuata. Aliongea taratibu, nadhani alikuwa amejiandaa njia nzima.

"Baba, safari hii nimekuja kwa heshima. Ukiingia tena majini, hata mpaka magotini, nakuja kukuchukua. Chumba kipo. Barabara kuu ipo mlangoni. Hospitali ipo karibu."

"Mikumi nikafanye nini?" Baba akauliza. "Nihesabu malori?"

"Utapumzika."

"Nimeshaupumzisha mkono mmoja. Sikupenda."

"Baba, sifanyi mzaha."

"Hata mimi."

Lakini mwisho alikubali, maana aliona macho ya mwanawe. Hataingia majini tena. Akiingia, ataondoka Kilosa. Walipeana mikono, wa kushoto. Mimi nilikuwa nimesimama na sinia la chai. Hakuna aliyeniuliza, na mimi si mtu wa kusema bila kuulizwa. Kama wangeniuliza, sijui ningejibu nini. Kuna asubuhi nilitamani aende Mikumi hata siku hiyo hiyo, ili nilale mpaka jua lichome paa. Halafu namwosha mgongo, ananiambia, "Mama, leo maji yatakuwa mazuri," na natamani asiende popote.

Ahadi ni rahisi kuliko mizizi. Kila ndoano iliponasa alisimama ukingoni akiangalia mshipi, na mimi nikiacha kumwagilia nyanya nakimbia kuingia badala yake. Siwezi kuogelea. Maji yakinifika kifuani naanza kusali. Na siwezi kuwa mtoni kila siku, bustani haijimwagilii.

Ndipo kikaja kile kifurushi.

Kaka alikipa kondakta wa gari la Kilosa pamoja na sukari na gauni la wifi lililombana. Akapiga simu kueleza. Kulikuwa na mgeni mzungu hotelini, anatoka kuvua kwenye mabwawa ya huko juu Iringa, akaacha mfuko wa vyambo vya mpira na ndoano zake za kupinda. Alimwambia kaka kwamba chambo hicho hakinasi kwenye majani, kwa sababu ncha ya ndoano inafichwa.

"Inafichwaje?" nikauliza.

"Alinionyesha haraka haraka. Nilikuwa na ndoo mkononi na mashuka begani, sikuona vizuri. Wewe una mikono, jaribu."

Mfuko ulikuwa wa nailoni inayong'aa, umechorwa samaki mwenye mdomo mpana kama mlango wa kibanda, na juu yake herufi nne kubwa: b, a, s, s. Nikadhani aliyeandika amesahau i.

"Wameandika nini?" Baba akauliza. Yeye hakusoma.

"Basi."

"Basi nini?"

"Basi tu. Nadhani ndilo jina la samaki."

Baba alifikiri. "Samaki anaitwa Basi. Hao wazungu walichoka kuwapa majina, wakafika kwa huyu wakasema basi."

Ndani kulikuwa na minyoo ya mpira, rangi ya zambarau iliyoiva, laini kama sikio la mtoto, mkia umejikunja. Jirani yetu, mama wa mapacha, alikuja kuona. Akaminya mmoja, akaunusa.

"Mwanangu, hii haitafunwi kweli? Mbona inanukia pipi?"

Baba naye akanusa. "Wameitia manukato. Samaki ni bibi harusi?"

Tulicheka. Ulikuwa muda mrefu hatujacheka watatu pamoja.

Siku ya kwanza niliuchomeka ule mnyoo kama nyungunyungu wa kweli: nikauchoma na kuukunja, nikauchoma na kuukunja, mpaka ukajaa kwenye ndoano kama uzi uliosokotana. Baba akatupa. Akawa anauvuta, nao ukazunguka majini kama pia ya watoto, mshipi ukajisokota mpaka ukawa mafundo matupu. Nilikaa kufungua mafundo hadi shingo ikauma. Siku iliyofuata nikaunyoosha, ila ncha nikaiacha nje. Ukanasa kwenye mzizi mara ya kwanza tu. Baba akasimama. Akaangalia maji. Akaangalia viatu vyake.

"Baba," nikasema.

"Nimesikia."

"Sijasema kitu."

"Ndiyo, nimekisikia."

Nikaingia mimi. Nikarudi nimelowa, nikaenda kudarizi njiwa na nywele zinadondosha maji kwenye shuka la watu.

Nikiwa hapo ndipo mikono yangu ilipoelewa kabla yangu. Ukidarizi vizuri, upande wa chini wa shuka hauonyeshi fundo. Unapitisha sindano, unairudisha, na mwisho wa uzi unaulaza chini ya mishono, ndani ya kitambaa chenyewe. Shuka linabaki limelala sawa, halijikunji. Ukivuta sana linajikunja, na bibi harusi atajua. Nikaweka shuka chini, nikachukua mnyoo.

Nikachoma ncha kichwani kabisa, kina cha ukucha tu, nikaitoa ubavuni. Nikausukuma mnyoo juu ya ndoano mpaka kichwa kikafunika tundu la ndoano pale mshipi unapofungwa. Nikaigeuza ndoano iangalie mwili wa mnyoo. Halafu, kabla ya kuchoma tena, nikailaza ndoano pembeni ya mnyoo na kupima kwa macho pale mpindo unapogusa, kama unavyopima ua kabla ya kulishona. Hapo ndipo nikachoma, na ncha nikairudisha ndani ya mpira. Mnyoo ukaning'inia umenyooka. Nikaupitisha kwenye gauni langu, kwenye mkeka, kwenye nywele zangu. Haukushika popote.

Baba aliushika kwa mkono wa kushoto akaugeuzageuza.

"Ndoano iko wapi?"

"Imo humo."

"Hata mimi siioni," akasema, na nikaona amefurahi.

Ila furaha yake haikudumu. Chambo hakikunasa, ni kweli. Kilipita juu ya mizizi na kati ya matete. Kambale naye alikipenda. Tuliona mshipi ukitingishika, Baba akivuta, kambale akikitema. Kumbe ncha iliyofichwa inataka mkono wenye nguvu. Ukivuta kwa nguvu, ndoano inapasua mpira na kutoka. Ukivuta kwa mkono mmoja wa kushoto, tena wa mzee, samaki anatafuna mpira, anaonja yale manukato, anaondoka zake. Nikapunguza, nikaiacha ncha chini ya ngozi nyembamba kabisa ya mpira. Bado. Siku kadhaa tulirudi hivyo hivyo, kikapu kitupu, yeye mbele mguu ukiburuta, mimi nyuma. Nikawa nafikiri kwamba kaka atamchukua tu, na hatahitaji hata sababu ya maji. Mtu anaweza kuacha mto akiwa nchi kavu.

Asubuhi moja samaki aliutingisha tena mshipi, Baba akavuta, akamkosa. Kisha akasema, "Mama, twende nyumbani. Nimechoka." Hajawahi kuniambia hivyo tangu nimezaliwa. Hakukunja hata mshipi. Aliubana mwanzi wake chini ya kwapa la kushoto, akageuka, akaanza kupanda ukingo kwa ule mwendo wake, na chambo bado kiko majini kinaburutwa nyuma yake.

Mshipi ukakaza.

Safari hii haikuwa mizizi. Mwanzi ulipinda, ukamrudisha nyuma hatua moja, naye kwa hasira akaegemea kwa mwili mzima kuelekea nyumbani. Mwili wa Baba bado ni mzito. Ncha ikatoka kwenye mpira, maana nilisikia maji yakipasuka. Nikapiga kelele, mimi ambaye hata shuleni nilijibu "nipo" kwa kunong'ona. "Baba, usigeuke! Endelea kutembea!" Naye akaendelea, anapanda, anaburuta mguu, anamburuta na kambale, mpaka wote wawili wakafika kwenye nyasi kavu.

Alikuwa kambale mkubwa, sharubu kama za askari wa zamani. Baba alikaa chini pembeni yake, wote wanahema.

"Huyu ndiye Basi," akasema.

"Ni kambale, Baba."

"Kwenye mfuko imeandikwa nini? Nani alisoma, mimi au wewe?"

"Mimi."

"Haya. Mwandikie kaka yako. Mwambie Baba amempata Basi."

Simu yangu ilikuwa na chaji ya kuazima tu, inakaribia kuzima. Na kuongea kwenye simu siwezi, maneno hunikauka. Nikaandika haraka, kwa namna yangu ya haraka: "Baba kapata basi leo asubuhi." Nikatuma. Simu ikazima. Nikaipeleka dukani kuchajiwa, nikarudi kumkatakata kambale.

Jioni nilipoiwasha, iliita mkononi.

"Haloo, shikamoo kaka."

"Marahaba. Mzee yuko wapi?"

"Yuko ndani anakula."

"Ndani wapi?"

"Nyumbani."

"Nyumbani kwa nani? Mimi niko stendi tangu asubuhi. Nimechungulia kila gari linalotoka Kilosa mpaka makondakta wananiuliza kama nimeibiwa. Si umeniandikia amepata basi?"

"Samaki, kaka."

"Samaki gani?"

"Basi ni samaki."

Nikasikia lori likipita upande wake, refu, haliishi. Kisha akasema polepole, "Mdogo wangu, umekula nini leo?"

"Yule wa kwenye mfuko. Baba kampata. Lakini ni kambale."

Lori lingine likapita. "Wifi yako amechinja kuku," akasema. "Amefua na mapazia." Akakata.

Alikuja kesho yake na gari la kwanza. Nilimwona akishuka, uso wake ulikuwa umevimba kwa usingizi, na kwa mara ya kwanza nikaona kwamba yeye naye amechoka vilevile, ila uchovu wake unavaa shati la kazi. Hakuniitikia vizuri. Akaniuliza tu, "Yuko mtoni?" Tukaenda.

Baba alikuwa ukingoni, amekwisha kutupa. Anavuta taratibu, mwanzi chini ya kwapa, safari hii anarudi kinyumenyume ili auone mshipi. Ng'ambo alikuwa yule kijana wa Kimaasai na ng'ombe wake, na ndiye aliyemsalimia kaka kwanza.

"Umekuja kumwona mzee wako? Tangu jana anatembea kinyumenyume. Ng'ombe wangu akitembea hivyo, naita daktari."

"Daktari wa ng'ombe amwangalie nani, mimi au wewe?" Baba akajibu bila kugeuka.

Mshipi ulifika kwenye mizizi ukasimama. Niliuona. Kaka naye aliuona, akainama akaanza kufungua kamba za viatu. Baba hakusogea kwenda mbele. Alirudi nyuma hatua moja, na nyingine, na mnyoo ukateleza juu ya mzizi, ukaanguka upande wa pili, ukaja zake kama nyoka asiye na haraka. Baba akauinua, ukidondosha maji, akamwonyesha kaka.

"Ndoano iko wapi?" kaka akauliza.

"Muulize mdogo wako. Ameificha kama fundo la shuka."

Kaka aliushika, akautafuta kwa kidole, akaipata ncha chini ya ngozi ya mpira. Alikaa kwenye nyasi na kiatu kimoja mkononi.

"Yule kuku tulimla bila wewe," akasema mwishowe.

"Paja mmenibakizia?"

"Watoto wamelimaliza."

"Basi."

Sote watatu tulilisikia neno hilo, na kaka ndiye aliyeanza kucheka, kicheko cha mtu aliyechoka, kisicho na sauti, mabega tu. Kisha akakifuta.

"Baba, hivi vya mpira vikiisha?"

Baba aliangalia maji. Nilidhani ataleta mzaha mwingine. "Vikiisha," akasema, "nitakuja kuhesabu malori."

Kaka akaondoka na gari la jioni, peke yake, na kipande cha kambale kwenye karatasi.

Sasa ndio niwaambie kwa nini naandika. Mpira ule laini ndio unaomvuta samaki, na kwa ulaini huo huo unachanika. Kila kambale anaondoka na kipande. Mkia ukikatika, mnyoo hauchezi tena. Nimejifunza kupasha sindano kwenye mkaa na kuugandisha pale ulipopasuka. Unayeyuka kidogo, unashikana, unabaki na kovu. Wengine sasa ni makovu matupu. Kaka amewauliza wageni wote wanaoonekana wavuvi, hakuna. Nimejaribu kukata wa ndala: unaelea, na ni mgumu. Nimejaribu wa tyubu ya baiskeli: unazama vizuri, lakini umelala majini kama kipande cha kamba, na ncha ikifichwa humo haitoki hata Baba atembee mpaka Msowero. Mfuko umekuwa mwepesi. Baba hauulizii. Ananipa mnyoo uliochanika, anaenda kukaa mlangoni, ananisikiliza nikichochea mkaa.

Na kuna jioni, sitaficha, naushika mkononi nafikiri nikiuacha hivi ulivyo nitalala mapema, leo na siku zote. Halafu sindano inakuwa nyekundu, na ni vibaya kuipoteza sindano iliyoiva. Naushona.

Kwa hiyo, wewe unayesoma, kama unajua kitu kingine laini, kinachozama, kinachocheza, ambacho ncha ya ndoano inaweza kulala ndani yake na kutoka mzee akirudi nyuma, niandikie. Andika hata kwa mwandiko mbaya kuliko huu, hata r na l zikigombana, nitaelewa. Na jina la kweli la yule samaki kama unalijua, niambie pia, ingawa hapa nyumbani hatutalibadilisha. Bahasha andika Kilosa, kwa binti wa yule mzee anayetembea kinyumenyume mtoni. Itanifika. Ila fanya upesi kidogo, maana minyoo imebaki michache na kiangazi bado kirefu.